Mwambie Anisubiri

Saa ambayo rafiki yangu alikuwa anazikwa kwao Ekero, mimi nilikuwa karakanani Amalemba nikipiga msasa kiti chake. Nilikuwa napiga mluzi. Fundi wetu aliniuliza kama nimepata mchumba. Nikamwambia hapana, rafiki yangu ametoka hospitalini, jioni ninampelekea kiti.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma, na sitaki mtu asome akingoja kuona kama atapona. Hakupona. Mimi si mwandishi. Shule niliachia kidato cha pili. Lakini nimelibeba jambo hili miezi kadhaa, na nimeona nikiliandika labda litakaa mahali pamoja, liache kunifuata kila mahali.

Alikuja kwenye karakana yetu kutafuta kazi ya kupaka vanishi. Pale tunatengeneza vitanda, kabati na majeneza. Vitanda tunavipanga mbele, karibu na barabara. Majeneza tunayaweka nyuma, maana hakuna mtu anayetaka kuyaona akiwa amekuja kununua kitanda cha harusi. Fundi alimtazama mikono, akaona ni myembamba kama ya mtoto wa shule, akamuuliza kama anaweza kubeba mbao.

“Kubeba siwezi, mzee. Kupaka naweza.”

“Kwa nini huwezi kubeba?”

“Damu yangu ni mbovu. Nilizaliwa nayo. Nikichoka sana au nikipigwa na baridi, mifupa inauma hadi nalazwa.”

Alilisema bila haya, kama mtu anayekutajia kijiji anakotoka. Fundi akampa brashi. Ilionekana siku hiyohiyo kwamba ana mkono mzuri. Vanishi yake haikuacha alama ya brashi hata mahali pamoja.

Nilipompeleka chumba cha nyuma aone kazi ya huko, alisimama mlangoni akatikisa kichwa.

“Haya ndiyo mnaita majeneza?”

“Kwani nyinyi mnayaitaje?”

“Hayo ni masanduku. Jeneza ni lile la msikitini. Linampeleka mtu halafu linarudi. Moja linatosha watu wote. Nyinyi kila mtu na lake, na bado mnalifukia. Mbao nzuri hivi, kaka.”

Fundi alisikia akiwa nje. “Kijana, umekuja kazi au umekuja kuniharibia biashara?”

“Nakueleza tu mapema, mzee. Siku yangu ikifika, kwangu hutapata kazi.”

Tulicheka sote watatu. Ndivyo nilivyojua kwamba yeye ni Mwislamu. Mimi kwetu ni watu wa kanisa. Kukhu, nyanya yangu aliyenilea, hajawahi kukosa ibada hata siku ya mvua ya mawe.

Urafiki wetu ulianza na stima kupotea. Huku stima ikipotea jioni, watu hulalamika, wengine hutafuta mishumaa. Yeye alitoka nje mbio. Nilidhani kuna moto. Nikamkuta amelala chali juu ya rundo la mbao, sweta mbili mwilini, kofia ya sufu kichwani, anatazama juu.

“Zima hiyo tochi ya simu,” akaniambia. “Unaziharibu.”

“Naharibu nini?”

“Nyota, mse. Lala hapa.”

Nikalala. Kusema kweli sikuwa nimewahi kuzitazama. Nilikuwa nazijua jinsi mtu anavyowajua majirani wa mtaa wa pili. Yeye alizijua kwa majina. Alikuwa na simu iliyopasuka kioo, ndani yake kuna kitu ambacho ukikielekeza juu kinakutajia nyota. Akanionyesha moja nyekundu kidogo, Aldebarani. Akanionyesha nyingine nyeupe, Rijeli. Nikarudia, nikasema Lijeli, maana ulimi wetu huku hauchagui kati ya l na r.

“Umeshaiua,” akasema. “Ilikuwa inawaka vizuri.”

“Hayo majina gani lakini? Si ya kizungu.”

“Ni ya Kiarabu. Hizi nyota zilisilimu kabla babu yako hajabatizwa.”

 Jibu nililipata baadaye, wakati wa Pasaka, stima ikiwa imepotea tena na mvua imekata jioni. Upande wa kusini, juu ya paa za mabati, nilimwonyesha zile nyota nne ambazo hata mimi nilikuwa nimefundishwa shule ya Jumapili.

“Ona. Msalaba. Zako zimesilimu, zangu zimeokoka.”

Alizitazama kwa makini, kama anakagua kazi ya mtu mwingine. “Mimi naona kishada,” akasema. “Kile cha watoto cha karatasi, cha kurusha. Hata mkia kinao, ukiangalia vizuri.”

Tangu hapo ilikuwa hivyo. Mimi msalaba, yeye kishada. Wakati mwingine alikuwa akiniita kutoka upande wa pili wa karakana, mchana kabisa, jua linawaka, “Fundi, kishada kimeonekana?” maana hata mimi aliniita fundi, na wateja wakatuangalia kama watu wasio na akili timamu.

Juu ya dini hatukuwahi kubishana kwa kelele. Tuliulizana. Aliniuliza kama naamini kweli kwamba Mungu anamsikia kila mtu anayeongea naye kwa wakati mmoja. Nikamwambia siku nyingine naamini na siku nyingine naona ni kazi kubwa mno. Akasema hata yeye. Alisema akiwa wodini, mifupa ikimuuma, huwa haombi dua ndefu. Husema tu, “Nipo hapa,” basi. Nikamuuliza kama hujibiwa.  “Hapana,” akasema. “Lakini nikishasema, nakuwa nipo.” Sikuelewa sana. Nimelikumbuka tu.

Shida ilikuwa baridi. Nyota huonekana vizuri wakati anga ni safi, na anga ikiwa safi huku kwetu jioni inakuwa na baridi, na baridi ndiyo adui yake. Mara nyingi alizitazama jioni na kesho yake hakuja kazini. Siku moja tulipeleka viti Buyangu, kwenye nyumba za wageni kule msituni. Gari la kuturudisha likachelewa, giza likaingia. Kule hakuna taa hata moja. Nyota zilikuwa nyingi hadi zile tulizozijua zikapotea katikati ya nyingine. Yeye alirudisha kichwa nyuma, akazitazama. Mimi niliona anatetemeka, nikamwambia tuingie ndani ya jiko la wapishi tuote moto.

“Ngoja kidogo,” akasema. “Kidogo tu.”

Wiki hiyo alilazwa. Nilipomtembelea alikuwa amevimba mikono, na kitu cha kwanza alichosema ni kwamba shingo inamuuma kuliko mifupa. “Mungu aliziweka juu mno. Hakufikiria shingo.”

Hapo ndipo nilipoazimia kumtengenezea kiti. Si kiti cha kawaida. Nilitaka mgongo wake ulale nyuma sana, lakini si kama kitanda, na mahali pa kichwa pawe na shimo dogo la kushika kisogo. Mikono ya kiti niliifanya mipana aweze kuweka kikombe cha chai. Mbao sikuchukua za chumba cha nyuma. Fundi alinipa ruhusa ya kutumia masalio yoyote, na masalio mengi mazuri yalikuwa ya majeneza, lakini niliyaogopa. Nikangoja hadi tukamaliza kitanda kimoja cha mvule, nikachukua vipande vilivyobaki. Nilikifanyia kazi kidogokidogo, nikikificha chini ya turubai, kwa sababu yeye alikuwa na macho ya kuona kila kitu.

Kabla sijamaliza, alizidiwa. Alikuwa ameenda kwao Ekero kumsaidia mama yake, na huko maumivu yakampata, akalazwa hospitali ya upande ule. Nilimpigia simu mara mbili. Mara ya pili alisema sauti yake imeisha, tutaongea akitoka. Nikamwambia akitoka ana kitu chake kinamngoja. Akauliza kitu gani. Nikakataa kumwambia.

Kisha asubuhi moja kaka yake mkubwa akanipigia. Yeye hukata miwa kule, na alikuwa mahali penye upepo, simu ikikatikakatika. Nitaandika maneno yake jinsi nilivyoyasikia.

“Ndugu yako amerejea,” akasema. “Leo alfajiri.”

“Amerejea?”

“Amerejea, ndugu. Alhamdulillahi. Tumshukuru Mungu kwa yote. Ukiweza njoo mapema.”

Mtu wa Mumias au wa pwani akisoma hapa ameshaelewa. Mimi sikuelewa. Kwetu mtu akifa tunasema ametuacha, amelala, ametangulia. Akirejea, amerejea nyumbani. Na kwetu mtu akipoteza ndugu yake hasemi asante Mungu asubuhi hiyohiyo. Niliyasikia maneno yale kwa masikio ya kwetu. Nilifurahi hadi nikacheka kwenye simu.

“Mungu ni mwema,” nikasema. “Mwambie anisubiri. Namaliza kazi kidogo hapa, jioni niko huko. Mwambie anisubiri tu.”

Upande wa pili nikasikia upepo tu. Nikadhani ni mtandao. Kisha akasema, “Sawa,” polepole, na simu ikakatika.

Nikarudi kwenye msasa.

Kiti nilikifunga nyuma ya pikipiki ya bodaboda kwa mipira, na dereva alinung’unika njia nzima kwamba mimi na kiti changu tutamwangusha. Tulifika Ekero jua likiwa linazama nyuma ya miwa. Tulipopita karibu na msikiti niliona kitu kama kitanda chembamba cha mbao, chenye vipini virefu, kimeegemezwa ukutani. Miguu yake ilikuwa na matope mabichi. Nikakitazama kama fundi. Nikaona kwamba kiungo kimoja kimelegea. Ndilo nililolifikiria, kwamba kiungo kimelegea.

Kwenye boma lao watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka, wanaume upande huu, wanawake kule. Hakuna turubai, hakuna kipaza sauti, hakuna gari la maiti, hakuna kuimba. Kwetu matanga huyasikia ukiwa bado barabarani. Kwa hiyo hata hapo sikuelewa. Nilidhani wamekuja kumpa pole mgonjwa. Nikaingia nimebeba kiti kichwani, natabasamu, nasema, “Mulembe,” na “Salaam aleikum,” vyote viwili, jinsi alivyozoea kunicheka kwamba nasalimia mara mbili kama mtu mwenye njaa.

Kaka yake aliinuka. Akanipokea kile kiti, akakiweka chini, akanishika mkono.

“Tumeshamzika,” akasema. “Saa kumi.”

“Mmemzika nani?”

Akanitazama. Nadhani ndipo alipojua. Nikaona uso wake ukibadilika, na sitausahau, kwa sababu alinihurumia mimi siku aliyomzika ndugu yake.

“Ulicheka kwenye simu,” akasema kwa sauti ya chini. “Nilidhani umechanganyikiwa. Watu wengine huwa hivyo.”

“Ulisema amerejea.”

“Amerejea kwa Mola wake.”

 Nilikaa kwenye mkeka mahali waliponionyesha. Mtu akanipa chai. Mama yao alitoka, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akasema, “Mwana wanje, mwanangu, umefika,” na hakusema nimechelewa. Nilitamani aseme.

Kaka yake alinipeleka kaburini kabla giza halijakaza. Liko nyuma ya nyumba, mpakani na miwa. Mimi nimetengeneza majeneza mengi kuliko ninavyokumbuka, na kila mara nikipiga msumari wa mwisho huwa najua kwamba nimemfanyia mtu kazi ya mwisho. Kwa rafiki yangu sikuwa na kazi. Ilikuwa tuta dogo la udongo mwekundu, na tawi bichi limechomekwa. Hata saruji hakuna.

“Kichwa kiko upande gani?” nikauliza.

“Amelala ubavu wa kulia. Uso unaelekea Makka, kule.” Akaonyesha kaskazini.

Nikageuka nyuma yangu, upande wa kusini. Sikuweza kujizuia. Kishada chetu huwa upande ule. Kitakapotoka, nikafikiri, kitakuwa mgongoni mwake. Kaka yake alidhani natafuta njia. Akaniambia nichukue udongo. Nikatupa mara tatu jinsi alivyonionyesha. Maneno yake sikuyajua. Nikasema, “Nipo hapa.” Na hilo lilikuwa uongo, kwa sababu saa iliyotakiwa sikuwepo.

Nilirudi mjini bila kiti. Nilitaka kurudi nacho, mama akakataa. Alisema kitu kikiletwa nyumba ya matanga hakirudi siku hiyohiyo.

Jumapili iliyofuata nilienda kanisani na kukhu. Wakati wa maombi mchungaji huuliza kama kuna mwenye haja. Nilisimama, kisha sikujua niseme nini. Nikasema rafiki yangu amekufa na ni Mwislamu.  Mchungaji alisema tuiombee familia faraja, na ilikuwa sala nzuri, sina neno nayo, lakini haikumtaja yeye. Njiani kukhu aliniuliza mbona nimekunja uso. Nikamwambia sijui kama inaruhusiwa kumwombea.

“Wewe mwombee,” akasema. “Kukosea ni kwako, kupanga ni kwa Mungu.”

Nimekuwa nikijaribu. Sina hakika nafanya nini. Siku nyingi nikifika kwenye jina lake nasikia kicheko changu kwenye ile simu. Hilo ndilo neno la mwisho nililompelekea. Wengine waliomboleza, wakambeba, wakamfunika, na mimi nilituma kicheko na ujumbe kwamba nina shughuli, anisubiri. Kazini mtu akipiga simu huwa natoka nje. Mtu akiniambia jambo namuuliza mara mbili maana yake nini, hadi fundi amesema nimekuwa kiziwi. Vanishi sasa napaka mimi. Alama za brashi zinaonekana.

Mvua kubwa zilipokuja sikwenda Ekero, nikisema barabara ni mbaya. Haikuwa barabara. Mwishowe mama yake mwenyewe alimtuma kaka aniite. Alitaka nije nirekebishe mlango wa jikoni uliovimba kwa maji. Nikaenda na randa yangu, nikaupunguza chini, ukafungika. Akanipikia obusuma na ingokho, ugali na kuku, akakaa akinitazama nikila hadi nikamaliza.

Jioni mvua ilikata, mawingu yakafunguka kidogo. Nilitoka nje kunawa mikono nikaona kiti. Kilikuwa barazani, kimekaushwa, kimepakwa mafuta. Mama akatoka akaketi ndani yake, akalaza kichwa kwenye lile shimo nililochonga. Kilimtosha. Yeye na mwanawe walikuwa na kimo kimoja, sikuwahi kulifikiria hilo.

“Kila jioni nakaa hapa,” akasema. “Natazama, sioni kitu. Alikuwa anatafuta nini huko juu?”

Nikamwomba ainuke, nikakigeuza kiti kikaelekea kusini, juu ya miwa. Zilikuwa zimetoka. Nikamwonyesha kwa kidole, moja, mbili, tatu, nne.

“Mimi nilikuwa nasema ni msalaba. Yeye alikuwa anasema ni kishada. Tulikuwa tunataniana tu, mama.”

Alizitazama muda mrefu. Macho yake si mazuri sana, nikadhani hazioni.

“Mimi naona kitanda,” akasema. “Miguu minne.”

 Nikajikuta naangalia tu kama viungo vyake vimekaa sawa, nikikumbuka kile cha msikitini.

“Kaka yake alimwambia,” akasema.

“Alimwambia nani, mama?”

“Ndugu yake. Si ulituma ujumbe? Walipomaliza kumwosha, kabla hawajamfunika uso, aliinama akamwambia sikioni. Alisema, fundi wako anasema umsubiri. Watu walimshangaa. Lakini yeye alisema ametumwa, na mtu akitumwa kwa maiti hawezi kurudi na ujumbe bila kuufikisha.” Akanigeukia. “Hakukuambia?”

“Hakuniambia.”

“Aliona haya. Ulikuwa umecheka.”

Nilikaa chini kwenye nyasi zenye maji, kando ya kiti. Mawingu yalikuwa yanarudi kutoka upande wa ziwa. Yakafunika mguu mmoja wa kitanda, kisha wa pili. Mama hakuinuka, na mimi sikumwambia aingie ndani, ingawa baridi ilikuwa imeanza.